Jibu: Baba mstaafu kugombea uwakilishi wadi

Dada, umeuliza kama baba yako, mwalimu mstaafu wa miaka 67, ameshapitwa na umri wa kugombea uwakilishi wadi 2027. Hajapitwa. Katiba ya Kenya ya 2010 haina kikomo cha juu cha umri kwa kiti hicho. Kifungu cha 193 kinataka awe mpiga kura aliyesajiliwa na atimize masharti ya elimu na maadili. Tena kustaafu kunamsaidia, maana mtumishi wa umma aliye kazini hulazimika kujiuzulu kwanza.

Linalonitia wasiwasi ni chama. Kura za mchujo hula pesa, na nimeona wazee wa heshima wakirudi nyumbani na madeni. Akitaka kuwa mgombea huru, atahitaji kuungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi 3 kabla ya uchaguzi. Ahakikishe mapema kama jina lake limo kwenye orodha ya chama fulani. Wengine huingizwa bila kujua.

Na kazi yenyewe je, anaijua? Mwakilishi wadi hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na kufuatilia matumizi ya serikali ya gavana. Lakini watu watambishia hodi alfajiri wakitaka karo na michango ya matanga, na pensheni haiwezi kubeba hayo yote. Awaambie tangu sasa kwamba atapigania zahanati, chekechea na barabara za mashinani. Mimi mzee wa namna hiyo ningempigia kura.