Jaribio la theluji likitoka salama, tupande mteremko wa digrii 35?

SWALI: Tuko wanne, tunaishi Denver, na Jumamosi tunataka kwenda Berthoud Pass, njia ya milimani huko Colorado, kuteleza kwa skii nje ya maeneo yanayosimamiwa. Wiki nzima theluji haijaanguka na anga ni safi, lakini taarifa ya CAIC, kituo cha Colorado kinachotabiri maporomoko ya theluji, bado inaonyesha hatari ya kiwango cha 3 kati ya 5 upande wa kaskazini na mashariki kwa sababu ya tabaka dhaifu karibu na ardhi. Tukichimba shimo kwenye theluji kujaribu uimara wake na jaribio likatoka salama, tunaweza kupanda mteremko wa digrii 35?

JIBU: Hapana. Jaribio baya linatosha kuwarudisha nyumbani. Jaribio zuri halitoshi kuwaruhusu kupanda.

Tabaka hilo huanza mapema majira ya baridi, theluji ikiwa bado nyembamba. Chini, ardhi iko karibu na nyuzi 0. Juu, usiku wa anga safi hupoza theluji vikali. Joto likitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 1 hivi katika kila sentimita 10, mvuke hupanda na kujenga chembe kubwa zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota hutiririka mkononi kama sukari. Dhoruba na upepo wa baadaye huweka bamba gumu juu yake. Hatari ya theluji mpya mara nyingi hupungua baada ya siku chache, lakini hii hukaa wiki nyingi, kwa hiyo anga safi isiwadanganye.

Shimo linawaambia habari za mahali mlipochimba tu. Mteremko mmoja unaweza kuwa na theluji ya sentimita 120 katikati na 40 kando ya mwamba. Hapo penye wembamba ndipo uzito wa mtu hulifikia tabaka, na ufa ukishaanza hukimbia hadi penye unene. Ndiyo maana alama za waliotangulia si ushahidi wa usalama.

Jaribio la nguzo pana lifanyeni hata hivyo: kateni nguzo ya theluji, sentimita 90 kukata mteremko, 30 kuelekea juu, laza beleshi juu yake upande mmoja, kisha ligongeni kwa mkono, mapigo 10 kutoka kifundo cha mkono, 10 kutoka kiwiko, 10 kutoka bega. Ufa ukivuka nguzo nzima kwa pigo lilelile lililouanzisha au linalofuata, ni ishara mbaya. Tabaka likiwa chini zaidi ya mita 1, jaribio hili mara nyingi halilifikii, na watu husoma ukimya huo kama usalama.

Kinachowalinda ni pembe. Mabamba mengi hung'oka kati ya digrii 30 na 45. Bakini chini ya 30, na msipite chini ya mteremko mkali zaidi, kwa sababu tabaka la aina hii huweza kuamshwa na mtu aliye bondeni. Ramani za simu huficha miinuko mifupi, hivyo pimeni kwa klinomita, kifaa cha kupima pembe ya mteremko, papo hapo. Mkisikia theluji ikididimia kwa mngurumo, au nyufa zikikimbia kutoka kwenye skii, rudini kwa njia mliyojia.

Kila mmoja abebe bikoni (kifaa cha redio kinachotuma mawimbi ili aliyefukiwa apatikane), ufito wa kuchomea theluji wa angalau sentimita 240, na beleshi la alumini. Simu ikae sentimita 20 mbali na bikoni wakati wa kutuma, 50 wakati wa kutafuta. Aliyefukiwa hupoteza nafasi ya kuishi haraka baada ya dakika 10 za kwanza, na kikosi cha uokoaji hakiwezi kufika kwa muda huo. Jaribuni bikoni zote nne pale mnapoegesha gari, kutuma na kupokea.