Nani Aligundua Mwanga?

SWALI: Kitabu cha ziada tunachokitumia darasani kina sentensi hii: "Ibn al-Haytham, baba wa optiki, ndiye aliyegundua mwanga na kamera." Mwenzangu anasema "mwanga" ni neno la mitaani, kwa hiyo tuwasahihishe wanafunzi waandike "nuru". Je, ni kweli? – Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

JIBU: Mwalimu, swali lako nitalimaliza upesi. "Nuru" tumelipata kwa Waarabu, "mwanga" ni la Kibantu, wa ukoo mmoja na "angaza", na yote mawili ni Kiswahili sanifu. Istilahi za sayansi zimependelea "nuru", ndiyo maana tuna usanisinuru na mwaka wa nuru, lakini mwanafunzi anayeandika kwamba mwanga husafiri katika mstari mnyoofu hajaikosea fizikia wala lugha. Mwenzako asitie wino mwekundu hapo. Autie kwenye neno ambalo nyote wawili mmelipita bila kulitazama, nalo ni "aliyegundua".

Kugundua ni kuona au kujua jambo lililokuwapo lakini halijulikani. Polisi hugundua shamba la bangi. Mama hugundua kwamba sukari imeisha. Mwanga haukuwa umejificha popote. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyeandika kwa Kiarabu, alizaliwa Basra, katika Iraq ya leo, mnamo mwaka 965 hivi, na sina shaka kwamba wakazi wa mji huo walikuwa wakiamka kila asubuhi na kuuona bila msaada wake. Ikiwa ni lazima tumtafute mgunduzi wa mwanga, basi ni jogoo, na mwanafunzi atakayejibu hivyo katika mtihani apewe alama zote.

Kamera nayo haigunduliwi, kwa kuwa kitu kilichotengenezwa na binadamu hubuniwa. Hata hivyo, ukiandika kwamba Ibn al-Haytham "alibuni" kamera, utakuwa umerekebisha kitenzi na kuuacha uongo palepale. Kwamba mwanga ukipenya tundu dogo hadi mahali penye giza huchora sura iliyopinduka, jambo ambalo ndilo msingi wa kamera, wafuasi wa Mozi, mwanafalsafa wa kale huko China, walikwisha kuliandika zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Na hakuna mtu wa zama zake aliyepiga picha.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba kitenzi hiki kimoja, ambacho waandishi wetu humbandika kila mwanazuoni wa zamani, kinafuta kazi ambayo mtu ameifanya. Ibn al-Haytham aliandika Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba ("manazir" ni ndugu wa "mandhari" yetu), akiingilia mgogoro uliokwisha kukomaa. Wanahisabati waliowafuata Euclid na Ptolemy, wataalamu wa kale walioandika kwa Kigiriki, walishikilia kwamba jicho hutoa miale inayokwenda kukigusa kitu. Mwanafalsafa al-Kindi aliutetea msimamo huo Baghdad katika karne ya 9, na bila shaka angefurahi kusikia Waswahili tukisema kwamba fulani kamtupia mwenzake jicho. Wafuasi wa Aristotle walisema sura ya kitu ndiyo inayokuja jichoni. Ibn al-Haytham aliikanusha miale ya kundi la kwanza, akachukua jiometria yao na kuitumia upande wa pili: kila nukta ya kitu kinachoangazwa hutawanya mwanga pande zote kwa mistari iliyonyooka, na sehemu yake huingia jichoni. Miongoni mwa hoja zake ni ile ambayo kila mtu anaweza kuihakiki, ingawa simshauri mtu afanye hivyo, kwamba ukilikodolea jua macho, huuma, na maumivu hayo huonyesha kwamba kuna kitu kinachokuja kutoka nje na kulitenda jicho.

Tazama pia jaribio lake la taa. Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali, zote zikikabili tundu moja linaloingia kwenye giza. Ukutani, upande wa ndani, vikatokea vidoa vya mwanga, idadi yake sawasawa na ya taa. Taa moja ikizibwa, kidoa chake peke yake hutoweka. Ikizibuliwa, kidoa hurudi palepale kilipokuwa. Kumbe mianga yote ilikuwa ikipita katika tundu lilelile kwa wakati mmoja bila kuchanganyika. Sasa hebu jaribu kukichomeka "aligundua" mahali popote katika maelezo hayo. Aligundua taa? Aligundua tundu? Yeye alipanga, aliziba, alilinganisha, alithibitisha, na kazi ya namna hiyo aliiita "i'tibar", yaani kulijaribu jambo ili kulihakiki. Sisi ambao tunalo neno "itibari" kwa maana ya kuaminika hatuna kisingizio cha kutomwelewa.

Wala msikimbilie kuandika kwamba "aligundua jinsi jicho linavyoona". Aliamini kwamba sehemu inayohisi mwanga ni ile tunayoiita leo lenzi, na ilibidi kumngoja Kepler, mwanaastronomia wa Ujerumani, mwaka 1604, aonyeshe kwamba taswira huchorwa nyuma yake, kwenye retina, yaani utando wa ndani ulio nyuma ya jicho.

Mimi si adui wa kitenzi hiki. Ibn Sahl, aliyeandika mnamo mwaka 984 hivi kuhusu vioo na lenzi za kuunguzia, alitumia kanuni ya kupinda kwa mwanga ambayo Ulaya iliipata katika karne ya 17 na kuipa jina la Snell. Kanuni hiyo ilikuwapo tangu mwanga uwepo, ila hakuna aliyekuwa ameiona; hapo andika "aligundua" kwa herufi kubwa ukipenda. Lakini Kamal al-Din al-Farisi, ambaye mwanzoni mwa karne ya 14 alijaza maji kwenye tufe la kioo ili liwe mfano wa tone la mvua, hakugundua upinde wa mvua. Aliueleza.

Kwa hiyo, Mwalimu, waandikishe wanafunzi wako hivi: "Ibn al-Haytham alitoa hoja na majaribio ya kuonyesha kwamba tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia jichoni." Wakitaka kuandika "nuru" badala ya "mwanga", ruksa. Mchapishaji akilalamika kwamba sentensi ni ndefu, afidie nafasi kwa kumfuta huyo "baba wa optiki".