Golden hakupewa kiti na mahakama

Ndugu, unasema mahakama ndiyo iliyompa Jared Golden wa chama cha Democratic kiti cha Kongresi, bunge la Marekani. Hapana, alishinda kwa kura mwaka 2018. Wilaya ya 2 ya jimbo la Maine, ile ya misitu na miji midogo ya kaskazini, huchagua mbunge wake wa Kongresi kwa kupanga wagombea: karatasi ina majina kushoto na safu za viduara kulia, unatia wino chaguo la 1, la 2, na kuendelea. Bruce Poliquin, mbunge wa Republican aliyekuwa akitetea kiti, aliongoza hesabu ya kwanza, asilimia 46.3 kwa 45.6 za Golden, lakini hakuna aliyefika nusu. Wagombea binafsi wawili wakaondolewa, kura zao zikaenda kwa waliopangwa nyuma yao, Golden akamzidi Poliquin kwa kura 3,509. Takwimu hizo ni za ofisi ya Katibu wa Jimbo, inayosimamia uchaguzi Maine. Poliquin alishtaki kweli, jaji akamkatalia Desemba. Mkulima aliyemchagua mgombea binafsi kwanza, kisha Golden, kura yake ilihesabiwa kihalali, tusimwite mwizi. Ila uchaguzi mkuu wa gavana huko Maine haufuati utaratibu huu, anayeongoza tu ndiye mshindi.