Mbizi za Forodhani hazikutoi kwenye helikopta

Jumapili nimewakuta vijana watatu Forodhani, wiki mbili kabla ya HUET yao, yaani mafunzo ya kujitoa kwenye helikopta iliyotumbukia majini, wanashindana kubana pumzi na mwenzao anahesabu sekunde. Eti maandalizi! Nikacheka, kisha nikaghadhibika, maana nilijiona mwenyewe. Hayo yaacheni, mtu huzimia majini kimya kimya. Sikilizeni, wanangu.

1. Mkanda haufunguliwi mpaka mzunguko usite. Mnalijua, na mimi nililijua. Lakini mie mtoto wa Malindi ya Unguja, kuogelea nilifunzwa kwa kusukumwa gatini, nikaona wakufunzi wananichelewesha tu. Sanduku la mazoezi, mfano wa chumba cha helikopta, lilipozama bwawani na kuanza kupinduka, nikazungusha kifungo mapema. Maji yakanipanda puani mpaka nikayasikia machoni. Nikaelea, nikageuka, nikapapasa dirisha, kumbe nimeshika mguu wa mtu. Naye, Mungu amsamehe, akanipiga teke la mdomo. Ukiwa umefungwa, dirisha la kuliani hubaki kuliani kwako hata kichwa kikiwa chini. Ukishaachia kiti, hakuna kulia wala kushoto. Mzamiaji wa usalama alinikamata ukosi wa ovaroli akanichomoa kama pweza pangoni. Juu nikamkuta jamaa wa Dodoma, asiyejua kuogelea hata kidogo, ameshatoka zamani, anajifuta uso. Akaniuliza kwa upole: "Kwani wewe si wa visiwani?" Miaka yote hii bado naisikia sauti ile.

2. Mkono mmoja dirishani, mmoja kwenye kifungo. Dirisha kwanza, mkanda baadaye.

3. Jaketi la kujiokolea halijazwi hewa ukiwa bado ndani. Litakubandika kwenye sakafu, ambayo sasa ndiyo iko juu, na dirisha unaliona kwa chini hulifikii. Na msiniulize tena kwa nini lazima helikopta ipinduke: injini na giaboksi ziko juu ya vichwa vyenu. Ngalawa ina matengo ya kuishikilia. Helikopta ina maboya, na bahari ikichafuka huenda yasitoshe.

4. Mkipewa chupa ya hewa iliyoshindiliwa, toeni pumzi njia nzima mnapopanda. Ukiibana, hutanuka na kuchana mapafu.

5. Cheti ni miaka minne. Andikeni tarehe mahali, msije kunipigia simu usiku.

6. Asubuhi ya zoezi msile urojo. Mwaka juzi mmoja wenu alikula bakuli mbili, akapinduliwa mara moja tu, na aliyeshikishwa ufagio pembeni mwa bwawa nilikuwa mimi.