Milioni ya kuhamia, imeingia laki saba

Habari za kazi ndugu mwandishi. Kampuni imenihamishia tawi la mbali kabisa, na barua ilisema nitapewa milioni moja ya kuhamia. Nikakodi lori, nikalipa vijana wa kupakia, nikalipa nauli ya mke na watoto, yote kwa akiba yangu nikijua hela inarudi. Mwisho wa mwezi naangalia, imeingia laki saba. Mhasibu ananiambia eti kodi. Kodi ya nini wakati mi sijapata faida yoyote hapo? – Mhamaji mwenye hasira

Pole sana ndugu yangu, hasira yako naielewa ila mhasibu hajakuibia. Shida ilianza siku ile barua inaandikwa. Walikwambia utapewa milioni moja, basi, hakuna aliyekuuliza utaitumiaje, ungeweza kuhama na begi moja na zinazobaki ukanunulia simu na hakuna ambaye angekufuata. Mtu wa kodi akiona hela ya namna hiyo anaiona kama mshahara tu uliopewa jina lingine, inajumlishwa na mshahara wako wa mwezi halafu inakatwa kama kawaida.

Ni tofauti kabisa na kama ungelipa lori, ukapeleka risiti, kampuni ikakurudishia kile kile ulichotoa. Na ni tofauti tena na kampuni kumlipa mwenye lori moja kwa moja bila hela kupita kwako. Nchi nyingi zinazotoa msamaha kwenye gharama za kuhama zinatoa kwa njia hizi mbili, hela ya mkupuo isiyo na risiti ndo huwa ya kwanza kukatwa. Mi ningeulizwa ningechagua kampuni ilipe lori yenyewe, hata kama raha ya kushika hela mkononi inapotea.

Ila usidhani risiti zinaokoa kila mahali. Uingereza kuna kiwango, pauni 8,000 kwa kuhama mara moja hazikatwi kodi, na kiwango hicho kipo tangu 1993 hakijapanda hata senti wakati malori yamepanda bei mara ngapi sijui. Na ina masharti: nyumba ya zamani iwe mbali kiasi kwamba huwezi kwenda kazini na kurudi kila siku, na matumizi yafanyike kabla ya mwisho wa mwaka wa kodi unaofuata ule ulioanza kazi mpya. Ikizidi 8,000, kile kilichozidi kinakatwa. Kanada mwajiri anaweza kukupa hadi dola 650 bila kudai risiti na isihesabiwe kipato, mradi uthibitishe kwa maandishi kwamba umetumia si chini ya hapo kwenye kuhama. Tanzania sheria ya kodi ya mapato inaacha nje nauli halisi ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wasiozidi wanne kwenda au kutoka kituo cha kazi, kama makazi yake yako zaidi ya maili 20 na ameajiriwa kwa ajili ya kazi ya hapo tu. Angalia neno nauli, haijasema kila kitu.

Marekani ndo wamefunga mlango. Zamani ukihama zaidi ya maili 50 na masharti mengine yakatimia, hela ya mwajiri ilikuwa salama. Sheria ya kodi ya Desemba 2017 ikasimamisha msamaha huo kuanzia 2018, watu wakawa wanasubiri uishe muda wake mwisho wa 2025 mambo yarudi, kumbe 2025 ikapitishwa sheria nyingine ikaufuta moja kwa moja, wamebaki wanajeshi wanaohamishwa kwa amri na watu wa idara za ujasusi. Kwa hiyo kule hata kampuni ikimlipa mwenye lori yenyewe, mfanyakazi anahesabiwa amepata kipato, anaona makato ya hela ambayo hajawahi kuishika. Inauma zaidi ya yako hiyo.

Sasa ufanyeje. Kwanza rudi kwa mhasibu na risiti zako zote, uliza kama wanaweza kubadilisha yale malipo yahesabiwe kama kurudishiwa gharama kabla hawajafunga hesabu za mwaka. Mahali pengine inawezekana, pengine sheria inataka makubaliano yawepo kabla ya hela kutoka, lakini kuuliza hakugharimu. La pili, waombe wakubebee kodi, yaani waongeze hela ili baada ya makato ibaki milioni kamili mkononi. Hapo uwe macho maana hata wahasibu wanakosea. Kama unakatwa asilimia 30, wengi wanaongeza asilimia 30 juu, inakuwa 1,300,000, wanaona wamemaliza. Kata 30 kwenye hiyo uone, inabaki 910,000, kwa sababu na ile nyongeza nayo inakatwa kodi. Hesabu sahihi ni milioni moja gawanya kwa 0.7, unapata kama 1,428,571. Ndo maana kampuni nyingi hazipendi kusikia ombi hili, kukupa milioni safi kunawagharimu karibu milioni na nusu.

Dada yetu wa safu, shikamoo. Nilihama kwa hela ya kampuni, mkataba unasema nikiacha kazi kabla ya miaka miwili narudisha yote. Nimeacha baada ya miezi kumi. Wanadai kiasi chote kabla ya kodi wakati mimi nilipokea kilichokatwa. Hii ni haki kweli? – Nimekwama

Marahaba mdogo wangu. Hapa kila kitu ni tarehe. Ukirudisha ndani ya mwaka ule ule wa kodi uliopokea, kwa kawaida kampuni inaweza kurekebisha hesabu zake na kodi ikarudi, hivyo wewe unarudisha kile kilichoingia mkononi. Mwaka wa kodi ukishageuka, kampuni mara nyingi haiwezi tena kuidai ile kodi ya mapato iliyokatwa, ndo wanakugeukia wewe udai mwenyewe kwenye ritani yako, yaani ile fomu ya kodi ya mwaka. Wamarekani kwa mfano wana kifungu kinachompa nafuu mtu aliyerudisha zaidi ya dola 3,000 alizolipia kodi mwaka wa nyuma. Kwako soma mkataba neno kwa neno, kama umeandika tu "kiasi ulichopokea" una pa kusimamia, jadiliana. Na uliza kama deni linapungua kila mwezi uliofanya kazi, miezi kumi kati ya ishirini na nne si kidogo.

Nitalipwa hela ya kuhama mwezi mmoja na bonasi. Nasikia nitapanda daraja la kodi na mshahara wangu wote utakatwa zaidi. Niwaambie waahirishe? – Mwenye wasiwasi

Hapana, daraja la juu linagusa ile sehemu iliyozidi tu, mshahara wa chini yake unakatwa kama ulivyokuwa. Mwezi huo makato yataonekana makubwa mno kwa sababu mfumo wa mishahara unadhani unalipwa hivyo kila mwezi, mahali ambapo hesabu hufanywa kwa mwaka mzima inajirekebisha baadaye. Kuahirisha kuna maana kama mwaka wa kodi unakaribia kuisha na unajua mwaka ujao kipato chako kitakuwa kidogo. Zaidi ya hapo chukua hela yako uhame.