Miezi 17, maneno manne: nimkatishe udata?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 17. Anasema "mama", "babu", "maii" akitaka maji, na "mbukwa". Mengine ni kunyoosha kidole na kunivuta kanga. Mchana yuko na bibi yake wa Chamwino, anayemsemesha Kigogo tupu. Jioni sisi ni Kiswahili. Jirani anasema lugha mbili zimemchanganya, mwingine anasema ana udata, akakatwe. Nifanyeje? *Mama, Nkuhungu*

Jibu: Marahaba mama. Usimpeleke kukatwa. Udata, yaani ile ngozi ya chini ya ulimi ikiwa fupi, unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye ukamharibia matamshi ya sauti chache. Kuanza kusema haumzuii.

Na "mbukwa" umeihesabu, vizuri. Wazazi wengi hunitajia maneno ya Kiswahili tu, utadhani salamu ya Kigogo si neno. Kwa mtoto wa lugha mbili tunajumlisha zote. Bibi aendelee, tena ana faida kuliko televisheni. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto wa miezi 9 waliochezeshwa na kusomewa kwa Kichina, vipindi 12. Walizishika sauti za lugha ile. Wenzao waliooneshwa mambo yaleyale kwenye video hawakuambulia kitu.

Kilichonituliza ni hicho kidole. Mtoto akionyesha mbuzi kisha akakugeukia kuona kama nawe umemwona, hayo tayari ni mazungumzo. Mwambie "lete kiatu" bila kukitazama wala kukionyesha. Akileta, ujue anaelewa mengi kuliko anayotamka.

Ninachotaka kujua zaidi ni masikio. Yamewahi kutoa usaha? Mafua humganda? Majimaji yakituama nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto husikia kama mtu aliyezibwa pamba, leo afadhali, kesho hasikii, na nyumbani ataitwa mkaidi. Akiwa anacheza, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka mara kadhaa, apimwe usikivu hospitali. Hata akigeuka, ukiwa bado na shaka apimwe tu, maana jaribio la nyumbani halioni kila kitu. Na mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea, huyo hasubiriwi hata wiki.

Akisema "maii", usimkaripie "sema maji!" Mjibu, "Ee, maji. Maji ya baridi," kisha nyamaza ukimtazama, uhesabu moyoni mpaka tano. Hapo ndipo wengi tunaposhindwa: tunamjazia maneno, zamu yake haifiki.

Akifika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo" au "maji bado", mlete kliniki. Uje na bibi yake pia. Maneno ya mchana anayajua yeye.