Sanduku limezidi kilo, nihamishie vitu kwenye begi la mkononi?

Ndugu, sanduku likipita kilo 23 (kikomo cha mashirika mengi ya ndege) usihamishie vitu vizito kwenye begi la mkononi kimyakimya. Lipia ziada, au gawa mzigo masanduku mawili. Hata ukilipia, kikomo cha kilo 32 kwa sanduku moja kipo, kulinda migongo ya wapakiaji.

Kwa ndege yenyewe, uzito wote na mahali ulipokaa huhesabiwa kabla ya kuruka, kwani ndiyo huamua kasi na urefu wa njia ya kurukia inayohitajika. Mzigo ukiegemea mno nyuma, pua huinuka na rubani anaweza kushindwa kuishusha. Tarehe 8 Januari 2003, huko Charlotte, Marekani, ndege ndogo aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka. Wote 21 waliokuwemo walikufa. Nyaya za kuongoza mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya, na uzito uliegemea nyuma kupita kiwango. Abiria na mizigo vilikadiriwa kwa wastani uliokuwa chini ya uzito halisi.

Kwa hiyo kwenye ndege ndogo, ukiombwa upande mzani pamoja na begi lako, tafadhali kubali. Begi likichukuliwa mlangoni kuwekwa sehemu ya mizigo, toa pawabenki kwanza.